Gomesi Ukutani, Kiswahili Kizuizini

Kitu cha kwanza anachokutana nacho mgeni katika maonyesho haya ya wasanii watatu, yanayoendelea katika jumba dogo la sanaa jijini Kampala, ni gomesi ya zambarau iliyotundikwa kwa waya katikati ya chumba chenye giza. Projekta mbili zinairushia picha za maduka ya zamani, na kwa kuwa feni inakitikisa kitambaa, nyuso za wenye maduka hukunjika na kukunjuka pamoja na vazi lenyewe. Nyuma ya pazia inasikika cherehani ya miguu, ikienda na kusita, ikienda na kusita.

Nilikusudia kupita tu, nikajikuta nimekaa hapo karibu nusu saa. Gomesi ndiyo vazi la heshima la mama wa Kiganda, na sherehe ya kwanjula, yaani ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, isiyo na safu ya akina mama waliovaa gomesi ni vigumu kuifikiria. Hata hivyo, jina lake linatokana na Gomes, fundi Mgoa, yaani mwenye asili ya Goa nchini India, anayesimuliwa kuwa alilishona mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza. Katika video iliyo pembeni, vidole vya mwanamke vinafunga vile vifungo viwili vya bega la kushoto, vinavifungua, kisha vinavifunga tena, huku chini yake yakipita maneno machache kuhusu tarehe 4 Agosti 1972, siku ambayo Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wataondoka, na muda waliopewa ukawa siku 90. Msanii hasemi zaidi ya hayo wala hamkemei mtu. Mtazamaji anaachiwa ajiulize mwenyewe jinsi nchi inavyoweza kumfukuza fundi na kubaki na vazi lake.

Chumba cha pili ni cha Wanubi, wazao wa askari wa Sudani wa enzi za ukoloni, na kwa maoni yangu kimefanywa kwa haraka. Kuna vikapu vya rangi vilivyopangwa vizuri na mahojiano na wazee wa mji wa Bombo, lakini historia ya askari hao walioletwa na Lugard, afisa wa Kiingereza, mwaka 1891 imebanwa katika aya moja. Jambo ambalo lingestahili ukuta mzima ni kwamba Wanubi wametajwa katika orodha ya makabila asilia iliyomo katika Katiba ya 1995, ilhali Wahindi, ambao baadhi yao ni wajukuu na vitukuu wa watu waliozaliwa hapa hapa, hawamo.

Lalamiko langu kubwa ni chumba cha tatu. Mgeni anaingia gizani, anapita kwenye kizuizi cha barabarani kilichotengenezwa kwa magogo na mapipa, na spika nne zinamfokea: “Simama! Toa kitambulisho! Wewe kabila gani?” Kama ufundi wa sauti, nakubali kwamba inatisha. Lakini katika maonyesho yote hayo, hapo ndipo mahali pekee ambapo Kiswahili kinasikika, kwani maelezo ya ukutani ni ya Kiingereza na Kiluganda. Ni kweli kwamba lugha hii iliingia kambini na askari wa kikoloni, na kwamba Amin ndiye aliyeitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, nasi tunaoitumia nyumbani tunaijua vyema hofu ambayo jirani zetu waliirithi. Ila Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Mutesa wa Kwanza alijifunza Kiswahili kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani, na mmisionari Mackay alianza kufundisha kwa lugha hiyo hiyo baada ya kufika Buganda mwaka 1878. Maonyesho yanayochunguza jinsi watu wanavyobandikwa sura moja yameibandika lugha nzima sura ya askari.

Kiingilio ni shilingi 10,000, na wanafunzi hulipa nusu. Afadhali kwenda asubuhi, kwa sababu vipokea sauti katika chumba cha pili ni viwili tu, na mchana jenereta ya jirani huimeza sauti ya cherehani.

Nilipokuwa nikitoka nilimuuliza kijana wa mapokezi kama kuna kijitabu cha maelezo kwa Kiswahili. “Kinatafsiriwa, mzee,” akanijibu kwa Kiswahili safi kabisa, “kitakuwa tayari mwezi ujao.” Maonyesho yanafungwa mwisho wa mwezi huu.