Fulana na gari la kuzuia risasi: uzoefu wangu kazini

Mimi ni mpiga picha wa habari, na kazi yangu hunipeleka kwenye milio ya bunduki. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikivaa fulana ya kuzuia risasi yenye mabamba mbele na nyuma, na mara nyingi nasafiri ndani ya gari la deraya. Vyote viwili navikubali. Ila wenzangu wanaponiuliza kama kweli vinazuia risasi, huwauliza kwanza: risasi ipi?

Fulana yangu yenyewe, bila mabamba, ni ya daraja la IIIA kwa kipimo cha NIJ, taasisi ya serikali ya Marekani inayoweka viwango vya fulana hizi. Matabaka yake ya nyuzi hunasa risasi za bastola, kuanzia 9 mm hadi .44 Magnum. Risasi ya AK-47, inayotoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 700 kwa sekunde, itaipasua na kupita. Hapo ndipo bamba linapohitajika. Langu ni la kauri, daraja la IV, lililopimwa kwa risasi ya bunduki ya .30-06 yenye kiini cha chuma kigumu. Kauri huvunja ncha ya risasi, kisha tabaka la nyuma hudaka vipande. Yapo mabamba ya plastiki ngumu ya daraja la III, mepesi sana na ya kuvutia, lakini baadhi yake hupenywa na risasi ya 5.56 yenye ncha ya chuma, ingawa yanazuia ile kubwa zaidi ya 7.62. Kwa hiyo nimekubali uzito.

Na uzito upo, pamoja na joto na jasho. Jambo linalonikera zaidi ni kuona watu wakivaa bamba likiwa limeshuka tumboni. Ukingo wake wa juu unatakiwa ufike kwenye kishimo kilicho kati ya mitulinga, kwa sababu kazi yake ni kukinga moyo na mapafu. Shingo, mabega na kinena vinabaki wazi. Tena risasi kuzuiwa hakumaanishi kwamba hutaumia: kipimo cha NIJ kinaruhusu fulana ibonyee kwa nyuma hadi mm 44 kwenye udongo wa majaribio uliowekwa nyuma yake, na mbavu zinaweza kuvunjika.

Soma pia lebo ya bamba. Likiandikwa ICW (kifupi cha Kiingereza, yaani “pamoja na”), daraja lake linapatikana tu likivaliwa juu ya fulana laini ya aina iliyotajwa. Usiliangushe la kauri, maana ufa wa ndani hauonekani kwa macho. Fulana laini nyingi zina dhamana ya miaka 5. Hilo si jambo la kupuuza: mwaka 2005 NIJ iliacha kuzitambua fulana zenye nyuzi za Zylon baada ya kubainika kuwa zinadhoofika zikiwa bado zinatumika.

Gari nililozoea ni la daraja la B6 kwa kipimo cha Ulaya, linalostahimili risasi za kawaida za bunduki. Risasi zenye kiini kigumu zinadai daraja la juu zaidi, B7. Siku moja kioo cha ubavuni kilipigwa nikiwa ndani. Kiligeuka cheupe kwa nyufa, hakuna kilichopita, na dereva hakuondoa mguu kwenye mafuta. Hiyo ndiyo kazi ya gari hili: kukupa muda wa kuondoka. Kioo hupimwa kwa risasi 3 zilizoachana mm 120, kwa hiyo ukisimama na kuendelea kupigwa palepale, hesabu inabadilika. Tairi zina ringi ngumu ndani, zikitobolewa gari linaendelea. Breki zinachelewa kwa sababu ya uzito, na milango inachosha mikono.

Kwa anayeagiza gari, cheti cha kioo peke yake kisimridhishe. Nafasi kati ya mlango na fremu ndipo risasi hupenya kwa urahisi, hivyo dai cheti cha VPAM, umoja wa maabara za Ulaya zinazopima vifaa vya kuzuia risasi, kinachoonyesha kwamba gari zima lilipigwa risasi kwenye majaribio, maungio yakiwemo.