Kishikio cha kunolea patasi: uzoefu wangu baada ya kukiongezea mabawa ya mninga

Kifaa ninachokizungumzia ni kile kishikio kidogo cha alumini chenye mataya mawili yanayobana patasi au kisu cha randa kutoka ubavuni, na chini yake kigurudumu kimoja kinachotembea juu ya jiwe la kunolea, ili pembe ya makali isibadilike hata mkono ukianza kuchoka. Umbo hilo limetokana na Eclipse namba 36, iliyotengenezwa na kampuni ya James Neill ya Sheffield, Uingereza. Siku hizi nakala zake zimejaa madukani, na changu ni mojawapo: cha bei nafuu, kilichokuja ndani ya boksi lisilo na jina la aliyekitengeneza.

Katika kazi yake ya msingi kifaa hiki hakina ubaya. Vipimo vimeandikwa ubavuni: patasi ikitokeza mbele ya mataya kwa milimita 30 hunolewa kwa nyuzi 30, na ikitokeza milimita 40 hunolewa kwa nyuzi 25; kisu cha randa, ambacho hukaa juu ya kingo za mataya badala ya kuingia kwenye mifereji ya chini, huhitaji milimita 38 na 50 kwa pembe hizo hizo. Mimi hutumia nyuzi 30 karibu kila mara, kwa kuwa mbao ninazochonga zaidi ni mninga na mkongo, na makali membamba humeguka upesi kwenye mbao ngumu.

Taabu iko kwenye vidole. Mtu anaponoa, vidole vya shahada hukandamiza patasi karibu na makali huku vidole gumba vikisukuma kishikio kutoka nyuma, na hapo nyuma kiwandani hawakupashughulikia kabisa: kingo ni kali, mshono wa kalibu, yaani ule mstari unaobaki pale pande za kalibu zinapokutana, umeachwa ulivyo, na sehemu ya kuwekea kidole gumba ni nyembamba kiasi kwamba baada ya patasi chache ngozi huwa na alama nyekundu. Skrubu ya kubania nayo ina kichwa kidogo ambacho, kikishapata mafuta, huteleza vidoleni.

Nilianza kwa tupa. Nilikifunga kishikio kwenye jiriwa, nikaondoa mshono na kuviringisha kingo zote zinazoguswa na mkono, kisha nikamalizia kwa msasa namba 240 na 400. Ndani ya mifereji ya kushikia patasi kulikuwa na rangi nene iliyofanya patasi ikae upande, nayo niliikwangua hadi alumini ikaonekana. Uso wa mbele wa mataya sikuugusa, na ninamsihi yeyote atakayejaribu kazi hii asiuguse, kwa sababu vipimo vyote vya kutokeza huanzia hapo, na ukiupunguza pembe zako zote zitahama.

Baada ya hapo nilichonga vipande viwili vya mninga, kila kimoja kikitosha pedi ya kidole gumba, nikavichimbia kibonde kidogo kinachofuata mviringo wa kidole, na kuvigandisha nyuma ya kila taya kwa gundi ya epoksi baada ya kuikwaruza alumini ili gundi ishike. Kipimo cha mabawa hayo kinadai uangalifu: yakishuka mno yatagusa jiwe, na yakipanda mno yatazuia kisu cha randa kukaa sawasawa juu ya kingo. Niliyajaribisha kwanza kwa kuyashikilia na utepe wa karatasi wenye gundi, patasi na kisu cha randa vikiwa mahali pake kwa zamu. Wapo wanaopendekeza kuzungushia mpira wa ndani wa baiskeli badala ya mbao. Ni rahisi, lakini mafuta huuvimbisha mpira na kuufanya utelezi, nami nanoa kwa mafuta ya cherehani.

Kwa upande wa skrubu, nilitaka kuweka kichwa kikubwa cha mbao, lakini mhimili wake uko karibu sana na jiwe, na kichwa kipana kingekwaruza jiwe pana kabla ya kigurudumu kusogea. Nikaridhika na kukikwaruza kichwa kilichopo kwa msasa wa namba ndogo na kukaza mwisho kwa bisibisi, nusu mzunguko tu, maana alumini si ya kulazimishwa.

Faraja sasa ni tofauti kabisa. Nguvu ya gumba inasambaa juu ya mbao, mkono haukazi tena kwa hofu ya kuteleza, na kwa hiyo msukumo unakuwa sawa pande zote mbili, jambo linaloonekana kwenye makali yenyewe, kwani awali yalikuwa yanaliwa zaidi upande wa kulia. Kasoro ambayo mabawa hayakuiponya ni patasi nyembamba ya milimita 6: kigurudumu ni chembamba, patasi nayo ni nyembamba, na pamoja huyumba kama kawaida. Hiyo bado naibana kishikioni kwa ajili ya pembe tu, kisha nakandamiza kwa kidole kimoja katikati na kunoa kwa mwendo mfupi.

Kwa anayenunua patasi moja ya kuchongea nafasi za bawaba nyumbani, kazi yote hii ni ya ziada. Kwa karakana inayonoa kila asubuhi, ningeanza na tupa siku hiyo hiyo boksi linapofunguliwa.