Kliniki ya macho Kisumu: walianza na presha ya mkono

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeinyima kwa sababu ya foleni na mambo ya kaunta.

Mimi hushona sare za shule Kibuye. Mama yangu alipofuka kwa glaukoma, ile tunayoita presha ya macho, kwa hiyo nilienda kupimwa bila dalili yoyote. Ugonjwa huu kwa wengi hauumi, na unaanza kula uwezo wa kuona pembeni, ukizoea kugeuza shingo hujui umepoteza nini. Kliniki yenyewe iko katikati ya mji, ghorofa ya tatu, na lifti haifanyi kazi.

Kwingine nilikopita walinipulizia hewa jichoni kupima presha ya macho, wakapata 16 na 17, wakaniambia niko sawa kwa kuwa kawaida ni 10 hadi 21. Huyu daktari alipata namba zilezile ila hakuishia hapo. Alichungulia nyuma ya jicho akakuta alama ndogo ya damu, dalili ya glaukoma, ukingoni mwa neva, ule mshipa unaopeleka tunachokiona kwenye ubongo. Nesi alikuwa ameshanipima presha ya mkono, basi daktari akatazama kile kikaratasi, akauliza: "Mama, dawa ya presha unameza saa ngapi?"

Usiku, nikienda kulala.

Neva ya jicho inalishwa na damu, akanieleza, na hiyo damu lazima iishinde presha ya jicho lenyewe ndipo ipite. Usiku presha ya mwili hushuka kwa watu wengi, na ukilala ile ya jicho hupanda. Ongeza kidonge cha usiku hapo, neva inaweza kukosa damu ya kutosha hata kama namba ya jicho ni nzuri mchana. "Maji ya mji yakipungua nguvu, bomba la ghorofani ndilo hukauka kwanza," alisema. Sisi wa flati za Migosi tunalijua hilo sana.

Nilifungwa mkanda wa kupima presha mchana na usiku. Saa tisa usiku ilisoma 92 kwa 50, yaani chini sana. Hakugusa dawa zangu. Alimwandikia barua daktari wangu wa presha, naye akahamisha kidonge asubuhi. Tafadhali, msijibadilishie dawa wenyewe kwa kusoma haya.

Kabla ya kuniandikia matone ya kushusha presha ya jicho aliuliza kama nina pumu, maana aina moja, timolol, inaweza kubana kifua na kupunguza mapigo ya moyo. Nilipewa aina nyingine, latanoprost, tone moja kila jioni.

Sasa kaunta. Kijana wa pale alitaka kuniuzia vidonge vya "kusukuma damu machoni" kwa shilingi 2,800. Nilirudi kwa daktari na kile kichupa mkononi. Akasema tiba iliyothibitishwa bado ni kushusha presha ya jicho, hata kwa sisi wa namba za kawaida, na kwamba utafiti uliochapishwa 1998 ulionyesha kuishusha kwa asilimia 30 hupunguza kasi ya ugonjwa. Nilirudisha kichupa. Kijana alinuna.

Kumwona daktari ni 1,500, kipimo cha kuona pembeni 3,000, picha ya neva 3,500. Nendeni mapema asubuhi, mbebe majina ya dawa zote mnazomeza, na msiende peke yenu: wakishapanua mboni, jua la Kisumu halitazamiki na zile ngazi utazishuka kwa kupapasa.