Makumbusho ya Utamaduni wa Waroma, Brno: uzoefu wangu, na namna ya kuyatembelea bila kupoteza nusu ya faida

Kwanza jina, maana kwa Kiswahili linapotosha. Waroma hawa si Warumi wa kwenye Biblia, si wenyeji wa mji wa Roma, na jina lao halikutokana na nchi ya Romania. "Rom" kwa lugha yao ni mwanamume, au mume. Ndio hao tuliozoea kuwaita Majipsi, jina lililozaliwa na dhana ya zamani kwamba walitoka Misri. Walitoka India, na safari ya makumbusho inaanzia huko.

Kwa Kicheki yanaitwa Muzeum romské kultury, na yapo mtaa wa Bratislavská, namba 67, mjini Brno, mji wa pili kwa ukubwa nchini Ucheki. Yalianzishwa mwaka 1991 na Waroma wenyewe waliosoma, na tangu 2005 ni taasisi ya serikali. Maonyesho ya kudumu, yenye kumbi sita, yalikamilika 2011. Jumba si kubwa, lakini usidanganyike: saa mbili na nusu ndizo nilizohitaji kwa mwendo wa kawaida, na anayesoma kila kibao atataka tatu.

Kutoka stesheni kuu ya treni ni mwendo wa kama dakika ishirini kwa miguu. Ukichoka, panda tramu inayopita mtaa wa Cejl na ushuke kituo cha Tkalcovská. Mtaani hapo utasikia wenyeji wa mji wakikuonya kuhusu eneo lenyewe. Mchana sikuona sababu ya onyo hilo. Cejl na Bratislavská ni mitaa waliyokaa Waroma wengi waliohamia kutoka Slovakia baada ya Vita vya Pili vya Dunia kuja kufanya kazi, kwa hiyo makumbusho yako katikati ya watu yanaowaeleza, si kwenye uwanja wa watalii. Siku ya Jumatatu usijisumbue kwenda, na kama unalenga Jumamosi angalia ratiba kabla ya kukata tiketi ya treni, kwa sababu wiki yao haifanani na ya makumbusho mengine. Maelezo ya Kiingereza ulizia mapokezi kabla hujaanza kuzunguka.

Sasa ukumbi wa kwanza. Wengi wanaupita mbio ili wafike kwenye vita, na hapo ndipo wanapokosea. Waroma hawakuacha maandishi ya safari yao kutoka India, kwa hiyo ushahidi mkubwa uliobaki ni lugha. Aliyekulia na filamu za Kihindi atashangaa: maji ni "pani", pua ni "nakh", sikio ni "kan". Hesabu zao ndizo zilizonisimamisha zaidi. Jekh, duj, trin, štar, pandž, šov ni za Kihindi kabisa. Halafu ghafla efta, ochto, eňa, yaani saba, nane, tisa, ni za Kigiriki. Kisha deš inarudi India. Maana yake walikaa muda mrefu kwenye nchi za Wagiriki, muda wa kutosha kukopa hesabu za sokoni. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kutabasamu hapa, kwani sisi tuna moja hadi tano za Kibantu, kisha sita na saba za Kiarabu, nane ikarudi nyumbani, na tisa ikaenda tena Uarabuni. Na neno lao la bahati ni "bacht", walilolichukua kwa Waajemi. Letu nalo asili yake ni huko huko, ila lilitufikia kwa njia ya Kiarabu. Upe ukumbi huu nusu saa nzima.

Kwenye vyombo vya kazi, tafuta ya mfua chuma. Mhunzi wa Kiroma hakusimama. Alikaa au alipiga magoti chini, fuawe dogo limechomekwa ardhini, na viriba vya ngozi vikipuliza moto. Sababu ni ya kikazi: karakana nzima inabebeka. Alifua misumari, minyororo na vyuma vya kwato za farasi, akawauzia wakulima wa vijiji vya jirani, mara nyingi kwa kubadilishana na chakula. Wengine walisuka vikapu, wakachonga mabeseni ya mbao, wakafyatua matofali ya udongo. Hili linavunja imani ya kwamba wote walikuwa watu wa kuhamahama, kwani Waroma wa Slovakia walio wengi wana makazi ya kudumu tangu karne nyingi.

Usiruke karatasi za kiserikali, hata kama macho yamechoka. Katika karne ya 18 Maria Theresa, mtawala wa Austria na Hungaria, aliamuru Waroma wakae mahali pamoja, na watoto wakachukuliwa kulelewa na wakulima wasio Waroma. Kisha ikaja sheria ya Chekoslovakia ya 1927 juu ya "Wajipsi wanaohamahama": kila aliyetimiza miaka 14 alibeba kitambulisho maalumu chenye alama za vidole. Mkenya atakumbuka kipande, kitambulisho walicholazimishwa Waafrika kubeba enzi za ukoloni. Anayefika ukumbi wa vita bila kuyajua haya ataona mauaji yameanguka kutoka mbinguni, wakati orodha za majina zilikuwa tayari zimeandaliwa na dola iliyotangulia.

Ukumbi wa vita ni mzito, na watoto wadogo ningewapitisha haraka. Agosti 1942, nchi ikiwa imekaliwa na Wanazi wa Ujerumani, kambi mbili, Lety na Hodonín, zilifanywa kambi za Waroma, na walinzi walikuwa polisi wa Kicheki, si Wajerumani. Lety walifia zaidi ya watu 300, wengi wao watoto. Hodonín zaidi ya 200. Machi 7, 1943 usafirishaji mkubwa wa Waroma wa Moravia, upande wa mashariki wa Ucheki, kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, ulianzia mji huu huu wa Brno. Kati ya watu wapatao 6,500 wa Kiroma na Kisinti (Wasinti ni jamaa wa Waroma walioishi nchi za Kijerumani) waliokuwa Moravia na Bohemia, upande wa magharibi, chini ya Wanazi, waliorudi kutoka kambini hawakufika 600. Ndiyo sababu Waroma wengi unaowaona Ucheki leo ni wa ukoo wa Slovakia.

Baada ya hapo kuna ukomunisti, na sheria ya 1958 iliyopiga marufuku kuhamahama, magari ya farasi yakang'olewa magurudumu. Pumzika kidogo kabla ya sehemu hii, maana wengi huipita wakiwa wamejaa.

Makumbusho haya ndiyo yanayosimamia kumbukumbu za kambi zote mbili, na ukiweza nenda hata moja. Hapa jihadhari na majina. Kambi ilikuwa Hodonín u Kunštátu, kijiji cha vilimani kaskazini ya Brno, kama kilomita 45, ambako banda la mbao la wafungwa limehifadhiwa. Ukiandika "Hodonín" pekee kwenye simu utapelekwa mji mwingine kabisa, kusini mashariki, karibu na mpaka wa Slovakia. Lety nayo ni mbili: moja iko jirani na Prague na haihusiki, unayoitaka ni ya wilaya ya Písek, kusini mwa Bohemia. Kwa miongo kadhaa juu ya eneo la kambi hiyo palikuwa na shamba la nguruwe. Serikali ililinunua, likaanza kubomolewa 2022, na kumbukumbu mpya ikafunguliwa 2024. Kuifikia ni rahisi zaidi kutokea Prague kuliko Brno, na kwa gari kuliko kwa basi, kwa hiyo usipange Brno na Lety siku moja.