micro:bit kwa klabu ya roboti shuleni, maoni yangu

Kila mzazi au mwalimu anayeniuliza aanzie wapi na watoto kwenye mambo ya roboti namwambia BBC micro:bit. Ni kibao kidogo cha saketi, kama sentimita 5 kwa 4 hivi, kina taa 25 ndogo nyekundu, vitufe viwili, sensa ya mwendo na dira, vyote viko humohumo. Kilianza Uingereza 2016, watoto wa miaka 11 na 12 wakagawiwa bure karibu milioni moja, na toleo la pili la 2020 limeongezwa spika na maiki. Ukinunua angalia nembo ya juu, ikiwa ya rangi ya dhahabu ndo toleo la pili, chukua hilo.

Kuprogramu ni kuburuta vitalu vya rangi kwenye MakeCode, tovuti ya kuprogramu kibao hiki, na hapohapo kwenye skrini ya kompyuta mtoto anaona kibao cha kuigiza kinafanya alichopanga, hata kabla hajachomeka waya. Akikomaa anahamia Python, lugha ya kuprogramu kwa kuandika, na kibao ni kilekile.

Ila raha yenyewe iko mikononi. Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la misumari miwili unaichomeka kwenye udongo wa chungu cha maua, mmoja unaungwa pini 0 (pini ni sehemu za kuungia waya ukingoni mwa kibao) na mwingine 3V, pini inayotoa umeme, kwa zile waya zenye klipu za meno, halafu kibao kinasoma namba kati ya 0 na 1023. Udongo mkavu namba iko chini, mtoto anamwaga maji kidogo namba inapanda mbele ya macho yake, na hapo maswali yanaanza yenyewe, kwa nini maji yanapitisha umeme, je tukiweka chumvi, je ikifika namba fulani taa iwake? Hamna haja ya kumsukuma mtu. Baada ya siku kadhaa misumari inaanza kuliwa na kutu kwa sababu umeme unapita muda wote, basi wanajifunza kuuwasha pale tu wanapopima.

Sasa mapungufu. Kibao hakiwezi kuendesha mota moja kwa moja, pini zake zinatoa umeme mdogo sana, kwa hiyo ukitaka gari la roboti lazima ununue na bodi ya kuendeshea mota pamoja na betri zake, hiyo ni gharama ya pembeni ambayo wengi hawaambiwi mapema. Na waya wa USB uwe wa kupitisha data, kuna nyaya za kuchajia tu, darasa zima linaweza kukwama kwa ajili hiyo.

Watoto wawili kwa kibao kimoja inatosha, wanne ni wengi mno, wawili wanashika na wawili wanatazama tu. Kama bajeti inabana bora kundi dogo kwa zamu. Nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu nimeikata kwa sababu ya mota.