Mbanguaji wa korosho na mwenye duka: bei ya jumla au mgawanyo wa mapato?

Wabanguaji wadogo wa Mtwara na Lindi hukabiliwa na swali hili: kumuuzia mwenye duka kwa bei ya jumla, au kugawana naye mapato?

Kwa gharama za usimamizi, bei ya jumla inashinda, kwani fedha hulipwa mara moja bila kukagua daftari la mtu. Udhaifu wake, alioueleza mwanauchumi Spengler mwaka 1950, ni kwamba kila upande ukipandisha bei kwa faida yake, duka huagiza kidogo na faida ya wote wawili kwa pamoja hupungua.

Mgawanyo hurekebisha hilo. Tuseme kilo imekugharimu shilingi 15,000. Ukimwachia mwenye duka asilimia 60 ya mapato na kumuuzia kwa 9,000, yaani asilimia 60 ya gharama, basi, tukiacha gharama za duka lenyewe, faida yake ni asilimia 60 ya faida yenu ya pamoja, hivyo kiasi cha kuagiza kinachomfaa yeye ndicho kinachowafaa nyote. Lakini unaanza kwa hasara, ukitegemea hesabu zake za mauzo, na hapo ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi.

Mwenye mkopo unaodaiwa wiki ijayo achague bei ya jumla. Mwenye akiba, na mshirika anayetoa risiti kila mauzo, ajaribu mgawanyo.