Oili ya mashine ya boti: ipi ununue kama masizi yamekuchosha

Malalamiko yanayonifikia siku hizi yanafanana. Boti nyeupe, tezi (nyuma yake) nyeusi. Wageni waliokwenda kuangalia pomboo Kizimkazi wanashuka na madoa kwenye nguo. Mvuvi wa Tanga anasafisha plagi leo, keshokutwa imelowa tena. Mwenye boti Lamu kafunguliwa mashine na fundi, akakuta tabaka jeusi gumu juu ya pistoni, na mashine yenyewe ingali mpya. Wote niliwauliza swali moja: oili unayotia imeandikwa nini mgongoni? Karibu wote walinijibu kwa rangi. Ile nyekundu. Ile ya bluu.

Rangi ni dawa tu inayotiwa ili uone kwamba petroli imeshachanganywa. Haikwambii lolote kuhusu masizi.

Mwongozo huu ni wa mashine za kuchanganya oili kwenye petroli, yaani tustroki: Enduro ya Yamaha na wenzake, ambao bado ndio wanaobeba pwani yetu. Sitapoteza maneno juu ya uzito wa oili wala ukubwa wa kopo, hayo muuzaji atakueleza kabla hujauliza. Nataka kusema jambo ambalo wauzaji hawaligusi, nalo ni hili: moshi na masizi ni vitu viwili mbalimbali, na watu wengi wananunua oili ya kupunguza moshi halafu wanashangaa mashine inajaa weusi.

Kuna oili za tustroki zilizotengenezewa pikipiki. Kwenye kopo utaona JASO FC au JASO FD, vipimo vya Kijapani, na mara nyingi pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba moshi wake ni kidogo. Ni kweli, moshi wake ni kidogo. Lakini pikipiki hupozwa na upepo na hukaa na joto kali, ndiyo maana oili yake hutiwa viungo vya kusafisha vyenye madini kama kalsiamu, ambavyo hufanya kazi vizuri kwenye joto hilo. Mashine ya boti haiko hivyo. Inavuta maji ya bahari mfululizo na kuyapitisha mwilini mwake, kwa hiyo inafanya kazi ikiwa ya baridi zaidi. Madini yale yakiungua humo huacha majivu. Majivu hukaa kwenye ncha ya plagi, cheche inadhoofika, petroli haiungui yote, na yale mabaki yaliyochanganyika na oili ndiyo yanayopaka tezi ya boti yako. Na ukishafungua mafuta mpaka mwisho kwa saa nzima kuelekea kisiwani, majivu yaliyoganda juu ya pistoni hupata moto mpaka yanawaka yenyewe kama kaa, yanawasha petroli kabla ya plagi, na pistoni inatoboka. Mashine za namna hiyo mafundi wanazijua, ila lawama huwa anatupiwa nahodha.

Oili ya boti haina majivu hayo. Alama yake ni TC-W3, inayosimamiwa na chama cha watengenezaji wa vyombo vya baharini cha Marekani, NMMA, na hiyo W ni ya maji, kwa maana ya mashine inayopozwa kwa maji. Oili iliyosajiliwa huwa na namba inayoanza na RL. Geuza kopo. Usipoiona alama, rudisha kopo kwenye rafu, hata kama mbele pamechorwa boti na mawimbi.

Sasa orodha yangu, na sitajificha nyuma ya maneno ya kupendeza pande zote.

Ya kwanza ni Yamalube ya boti, ile ya TC-W3. Nimeisimamia kwa miaka na sioni sababu ya kuihama. Mashine nyingi za pwani hii ni Yamaha, na oili hii imetengenezwa na watu wanaozijua mashine hizo. Plagi zinatoka na rangi ya kahawia kavu inavyotakiwa. Hata mkichelewa kwenye mwamba, mashine imeachwa inanguruma polepole huku wageni wanazamia, ukiongeza mwendo haikohoi wingu jeusi. Ila sikilizeni: jina Yamalube peke yake halitoshi! Yamaha wana Yamalube ya pikipiki pia, na madukani kopo hizo hukaa bega kwa bega. Nimeshaona muuzaji akimpa mvuvi ile ya pikipiki kwa kuwa jina ni lile lile. Pale pale ndipo ugonjwa unapoanza. Soma TC-W3, kisha lipa.

Ya pili ni Quicksilver, oili ya watu wa Mercury. Kama mashine yako ni Mercury au Mariner, hii inaweza kupanda ikawa ya kwanza kwako. Kuna Premium na Premium Plus. Plus ina viungo zaidi vya kuzuia ukoko kwenye ringi za pistoni, na kwa boti inayokwenda polepole sana, kwa mfano ya kuvulia kwa kuburuta ndoano, tofauti hiyo ina maana. Kwa Enduro ya kawaida Premium inatosha.

Ya tatu nazifunga pamoja Motul Outboard Tech na Neptuna ya TotalEnergies. Ni oili nzuri. Nimeziweka hapa kwa sababu upatikanaji wake unayumba, na mimi sipendi kubadilisha oili kila mwezi kwa kukosa niliyoizoea.

Oili ya kupima kwa kikombe, ile ya pipa isiyo na jina: hapana.

Ila hata oili bora itakutia masizi ukiizidisha, na hili pwani ni desturi kabisa. Kitabu cha Enduro kinasema sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili, na 25 kwa 1 katika saa 10 za mwanzo za mashine mpya. Hamsini kwa moja ni mililita 20 kwa lita. Dumu la lita 20 linataka mililita 400. Bado nawaona watu wakimimina kopo zima la lita moja kwenye dumu hilo, kwa kuogopa mashine itajamu. Hapo unachoma oili mara mbili na nusu ya inayohitajika, unalipia masizi kwa pesa zako mwenyewe. Kwa hiyo nikipewa kopo mbili zenye alama sawa, nachukua yenye mstari wa vipimo ubavuni. Kopo lisilo na mstari huo linakulazimisha kukisia, na nahodha akikisia huzidisha. Nashangaa kwamba kampuni zenye fedha zote hizo bado zinauza kopo jeusi tupu usiloweza kuona oili imefika wapi.

Kama umebadilisha oili, umepima vizuri, na bado tezi inachafuka, muulize fundi kuhusu themostati, ile valvu inayozuia maji ya kupoza mpaka mashine ipate joto. Mafundi wengi huitoa ikianza kuganda kwa chumvi na hawairudishi, kwa hoja kwamba bahari yetu ni ya joto. Bila hiyo, mashine inazidi kuwa baridi, na mashine baridi haimalizi kuchoma. Angalia pia aina ya plagi: kwa NGK, namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi, na inachafuka haraka kwa boti ya mwendo mdogo. Weka ile iliyotajwa kwenye kitabu.

Wengine wataniambia ninunue fostroki nimalize. Ni kweli, fostroki haichanganywi oili na masizi yake ni machache mno, wakati tustroki ya kabureta humwaga baharini robo hivi ya petroli yake bila kuungua, juu ya matumbawe yale yale tunayowauzia wageni. Lakini F40, fostroki ya Yamaha ya nguvu za farasi 40, inakaribia kilo 100. Enduro ya nguvu hiyo hiyo wanaume wawili wanaibeba hadi bandani jioni. Na bei ya fostroki mvuvi wa dagaa haiwezi.

Kinachoniuma zaidi ni bei ya oili yenyewe. Petroli ina bei kikomo: wasimamizi wa nishati wanaitangaza kila mwezi, ZURA huku Zanzibar, EWURA kule Bara, na kila mtu anajua asilipe zaidi ya hapo. Oili haina. Kopo lile lile la TC-W3 naulizwa bei moja nikiingia na kanga na kapu, na bei nyingine akiingia kijana mwenye fulana ya kampuni ya utalii. Kwenye rafu hapaandikwi kitu. Ukiuliza kwa nini imepanda, unaambiwa dola. Dola ikishuka, kopo halishuki. Kisha muuzaji huyo huyo anakusogezea ile ya pikipiki, bei nafuu, "zote tustroki mama", na mvuvi asiye na pesa ataichukua, kwa sababu jioni maji yanajaa na lazima atoke.

Natafuta maduka, Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa, popote, yanayobandika bei ya TC-W3 hadharani na kumuuzia kila mtu kwa bei hiyo. Nitumieni jina la duka na bei mliyolipa, pamoja na picha ya mgongo wa kopo, ile sehemu yenye namba ya RL isomeke. Nitayaorodhesha hapa chini kadiri yanavyonifikia.